Wapeni Ukuta, Viti Watabeba Wengine

Kila msimu wa fildi ukikaribia, barua za vyuo zinarundikana mezani kwangu. Zote zinaimba wimbo mmoja: tunaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu, ushirikiano wako utathaminiwa. Baada ya muda wenye barua wanafika, mashati yamenyooshwa pasi, daftari la kusainiwa kila jioni liko mkononi. Na katika kumbi nyingi za sanaa na nyumba za makumbusho nilizopitia, kuanzia asubuhi hiyo kazi yao inajulikana. Watapanga viti vya wageni rasmi. Watagawa vipeperushi mlangoni. Watamshikia fundi ngazi. Msimu ukiisha wataandika ripoti ndefu kwamba wamejifunza mengi, msimamizi atasaini bila kusoma, na kila mtu atarudi kwao.

Nimewahi kuwa mwanafunzi wa namna hiyo, kwa hiyo ngazi nazijua. Nilipopewa kusaidia kuandaa maonesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki, kazi za kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 na kitu, niliomba jambo moja: ukuta mmoja wa ukumbi uwe wa wanafunzi. Nikasisitiza kwamba sizungumzii ukuta wa kutundika kazi zao wenyewe, maana hayo ni maonesho ya wanafunzi na yana mahali pake. Nilitaka wachague wao katika kazi zilizopo stooni, watetee walichochagua, waandike maelezo, watundike, na mgeni akiuliza kwa nini kile kipo na kile hakipo, wajibu wao.

Kikaoni niliulizwa swali la haki kabisa: wapi duniani umeona wanafunzi wanapewa ukuta wa makumbusho?

Jibu langu lilikuwa refu kuliko walivyotarajia. Februari 1929, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, Lincoln Kirstein, Edward Warburg na John Walker, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikisha miaka 23, walikodi vyumba viwili juu ya duka la ushirika la chuo wakaviita Harvard Society for Contemporary Art. Sanaa mpya wakati huo haikuwa na pa kukaa Boston. Dari wakalipaka rangi ya fedha, wakaandaa maonesho mfululizo. Mwezi Mei mwaka huo huo walionesha mfano wa nyumba ya ajabu ya mbunifu Buckminster Fuller. Mapema 1930 wakamwalika mchonga sanamu Alexander Calder, naye akaja na nyaya na koleo badala ya masanduku ya sanamu, akazisuka sanamu zake hapo hapo. Mwishoni mwa 1930 wakaonesha kazi za Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, wakati Wamarekani wengi hawajaisikia.

Sasa angalia tarehe. Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, MoMA, ambalo leo kila mtu analitaja, lilifunguliwa tarehe 7 Novemba 1929, katika vyumba vya kukodi ghorofa ya 12. Miezi tisa baada ya vijana wale. Mkurugenzi wake wa kwanza, Alfred Barr, alikuwa na miaka 27, na alikuwa amepita mikononi mwa Paul Sachs, mwalimu wa Harvard aliyeendesha kozi maarufu ya kazi za makumbusho, ambaye pia aliwalea wale watatu na alikuwa mmoja wa wadhamini waanzilishi wa jumba lenyewe la New York. Kwa hiyo ukiuliza wanafunzi walitoa wapi ujasiri, huko ndiko ulikotoka: mwalimu aliwafundisha kushika kitu, kukigeuza, kukitafutia mwenyewe, kukipa nafasi ukutani. Walker baadaye akawa mkurugenzi wa National Gallery of Art ya Washington.

Mjumbe mmoja akasema, "Hao walikuwa watoto wa matajiri." Kweli tupu. Baba yake Kirstein alikuwa mkubwa katika kampuni ya maduka, na Warburg alizaliwa katika ukoo wa mabenki. Maonesho yao yakidoda, hakuna aliyelala njaa. Vijana waliokuja kwangu walikuwa wanangoja bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, liingie ndipo walipe chumba, na kuna asubuhi walichelewa kwa sababu nauli ya daladala ilitosha ya kwenda bila ya kurudi, ikabidi wapange. Tofauti hiyo siifuniki. Naiona kuwa sababu ya kuwapa nauli, haitoshi kuwa sababu ya kuwanyima ukuta. Kikao kilipitisha ukuta. Nauli ilichukua muda zaidi.

Tukashuka stoo.

Stoo ina bwana wake, mzee ambaye anajua kila kitu kilipo bila kufungua daftari na hapendi watu wanaogusagusa. Vijana wakamwingia kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mikono mmeosha?"

Hawakuwa wameosha. Wakarudi bombani, wakapewa glavu, wakaanza. Nilikuwa nimewawekea sharti kwamba kila kazi itakayopendekezwa iwe na karatasi yake: nani kaifanya, lini, kwa kitu gani, imefikaje hapa, iko katika hali gani, na kwa nini ikae ukutani badala ya jirani yake. Jibu la "ni nzuri" nilikuwa nalirudisha.

Siku za mwanzo zilikuwa za kuchosha na sitazisimulia. Mambo yalichangamka pale kijana mmoja wa mwaka wa tatu alipoinua ubao wa picha ya fisi, ya mtindo wa Tingatinga. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Alikufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na waliofundishwa naye wakaendelea. Wengi wetu tumeziona picha hizo kwenye maduka ya watalii mpaka macho yamechoka, na ukweli ni kwamba vijana walikuwa wameziruka kwenye orodha yao. "Hizi za beach, dada," ndivyo walivyoniambia. Lakini mzee wa stoo akawaonesha namna ya kukagua. Unazima taa ya juu, unashika tochi ya simu ubavuni mwa picha, karibu kabisa na ubao, mwanga upite mshazari juu ya rangi. Hapo kila kitu kinajitokeza: mfuo wa brashi, nywele ya brashi iliyonasa ndani ya rangi, ufa usioonekana mchana, kona ya chini ambako ubao umekunywa unyevu wa pwani ukavimba na rangi imebanduka milimita 4. Kijana akawa anachora ramani ya majeraha hayo kwenye karatasi, kila moja na namba yake.

Kisha akaugeuza ubao. Nyuma kulikuwa na alama ya kiwanda, maana ule ni ubao mwembamba wa kupigia dari, ndio waliokuwa wakiutumia, na rangi ni ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Na kwa penseli, mwandiko wa haraka, kulikuwa na bei kwa shilingi na jina la mtaa. Basi. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu, halafu wote wakaanza kusema pamoja. Nani aliandika? Muuzaji au mnunuzi? Ilinunuliwa barabarani kule Oyster Bay, kwenye maduka ya Morogoro Stores, ambako wachoraji hao walikuwa wakiwauzia Wazungu wa balozini? Kama ilinunuliwa na mgeni, mbona imebaki hapa?

Walichokuja nacho baada ya hapo sikukitegemea. Walipendekeza fisi yule asitundikwe. Asimamishwe katikati ya ukumbi, kwenye kishikio, watu wamzunguke waone na nyuma. Fundi wetu akaguna, akatengeneza kishikio cha chuma chenye mpira kwenye meno ili kisiume ubao. Katika maonesho yote yale, pale ndipo watu walisimama muda mrefu kuliko popote, na wengi walisimama upande wa nyuma.

Jambo la pili lilianzishwa na binti mmoja mtulivu, ambaye nilidhani hafuatilii. Alikuwa anasoma daftari la kupokelea vitu, ukurasa kwa ukurasa, kidole kinashuka mstari hadi mstari. Akainua kichwa akauliza kwa nini kila penye batiki pameandikwa "msanii hajulikani", wakati kila penye picha ya rangi ya mafuta pana jina.

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote: rekodi za zamani, hazikukamilika, hajulikani.

"Hajulikani na nani?" akauliza.

Naomba msomaji asidhani ilikuwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nami sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu batiki zile zilitoka katika karakana moja ya hapa mjini miaka ya 1980, na watu waliofanya kazi karakana ile si wa zama za mawe. Wapo, wanakwenda sokoni, wana wajukuu. Orodha yetu ya wasanii ilikuwa ya wanaume watupu, na wanawake walikuwepo stooni muda wote, wamekunjwa, hawana majina.

Akapiga picha za batiki zile kwa simu, akaomba ruhusa, akaanza kuulizia. Mama mmoja akampeleka kwa mwingine. Wa tatu alipooneshwa simu alicheka, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaonesha pembeni alama ndogo iliyopasuka ndani ya nta, ambayo sisi tulikuwa tumeiandika kwenye karatasi ya ukaguzi kuwa ni dosari. Ilikuwa alama yake. Akaeleza na jinsi alivyoipata ile kahawia: alipotumbukiza kwanza, alipopaka nta mara ya pili, alipoikunja ile nta makusudi ivunjike rangi ipenye. Jina lake liliandikwa ukutani kwa idhini yake. Hapa siliweki kwa sababu aliniambia hataki liwekwe mtandaoni.

Karatasi zote za batiki zilirudiwa. Na hapa nitasema ninachoamini bila kuzungusha: swali lile lisingetoka kwetu tunaolipwa. Tumesoma "hajulikani" mara nyingi mno hadi limekuwa jina la mtu. Anayeliona ni anayefungua daftari kwa mara ya kwanza, na asiye na aibu ya kuuliza. Huyo ni mwanafunzi.

Historia yetu wenyewe inasema hivyo hivyo, ukiitazama kwa jicho hilo. Shule ya sanaa ya Makerere ilianza mwaka 1937, Margaret Trowell akifundisha barazani kwake Kampala. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilioneshwa London. Wanafunzi walichora, kuchagua kulifanywa na wengine. Lakini kizazi kilichotoka pale ndicho kilichokuja kufungua milango yake chenyewe. Elimo Njau, mtu wa Marangu, mhitimu wa Makerere, ndiye aliyechora zile picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a mwaka 1959, Yesu akiwa Mwafrika katika mashamba ya Kikuyu. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua Paa ya Paa, Nairobi, ukumbi ambamo Waafrika ndio walioamua nini kioneshwe. Njau ana usemi wake uliobandikwa pale kwamba kuigiza kazi ya mwenzio kunamlaza Mungu usingizi. Wanafunzi wangu waliupenda mpaka wakataka kuuandika mlangoni. Nikawaambia kuuandika huko nako ni kuigiza. Tulicheka, haukuandikwa.

Na Sam Ntiro? Huyu aliniletea ugomvi. Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, akasoma shule ya sanaa ya Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, mambo ya kwao Kilimanjaro kabisa. Picha hiyo iko New York, katika mkusanyo wa MoMA, jumba lile lile nililolitaja juu. Kijana wa Moshi katika kundi letu alipoligundua hilo hakulala. Akataka tuiazime.

Badala ya kumkatisha tamaa nikamwambia aandae maombi kama kweli tunaazima, na nadhani hilo ndilo somo alilolishika kuliko yote. Akatafuta wanachodai majumba makubwa. Bima inayoanza picha inaposhuka ukutani kwao mpaka inaporudi pale pale. Sanduku la kutengenezwa kwa vipimo vyake. Mtu wa kusafiri nayo. Ripoti ya ukumbi: milango, walinzi, moto, na unyevu wa hewa, ambao majumba hayo huutaka uwe karibu na asilimia 50 usiku na mchana. Dar es Salaam, umeme umekatika, kiyoyozi kimezima, jasho linakutiririka: andika hapo asilimia 50. Alipomaliza kujaza alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo hatutaiona, dada." Nikamwambia kwa msimu huu, hapana.

Mwenzake akashauri tuache nafasi tupu ukutani, na lebo inayosema picha iko New York. Nilikataa. Wageni wetu wakiona nafasi tupu watadhani imeibiwa au hatujamaliza kazi, na kwa uzoefu wangu nafasi tupu hufurahisha waandaaji peke yao. Kuchapa nakala nako kulikuwa na mambo ya hakimiliki ambayo hatukuwa na muda nayo. Mwishowe walieleza habari za Ntiro kwa maneno, katika lebo ya kazi nyingine.

Lebo, jamani. Ukitaka kujua chuo kimemfanya nini mtoto wa watu, mpe aandike lebo. Rasimu ya kwanza ya yule fisi ilikuwa hivi: "Kazi hii inaakisi muktadha wa kijamii na kiutamaduni wa Mtanzania kupitia matumizi ya rangi angavu na umbo la mnyama kama ishara ya..." Ilienda mpaka maneno mia mbili. Nikampelekea mzee wa stoo aisome kwa sauti. Alisoma yote, akavua miwani.

"Kijana, hapa umesema nini?"

Rasimu iliyopanda ukutani ilikuwa hii: "Fisi huyu amechorwa kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao wa dari. Zunguka nyuma uone bei yake iliyoandikwa kwa penseli. Hatujui nani aliiandika. Ukiutambua mwandiko, mwambie mlinzi." Kuna watu waliomwambia mlinzi. Wengi walikuwa wanatania, ila mmoja alileta risiti ya zamani ya babu yake, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Upande wa kutundika nitapita haraka. Walipima mwanga kwa programu ya simu, batiki wakaziweka mbali na dirisha kwenye kama laksi 50 kwa sababu rangi ya kitambaa haisamehe jua. Walijifunza kushika pimamaji na futi. Kawaida yetu ni katikati ya picha kuwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Wao wakaleta hoja kwamba wageni wetu wengi ni watoto wa shule za msingi wanaokuja kwa mabasi, kwa hiyo sehemu yao waishushe hadi 120. Tulibishana sana. Walishinda, na watoto kweli walisimama pale wakaangalia bila kunyanyuliwa. Mimi mgongo unaniuma mpaka leo nikikumbuka nilivyoinama kusoma zile lebo, na bado naona 135 ingetutosha wote.

Siku ya ufunguzi viti vilipangwa na kampuni ya viti. Wanafunzi walisimama kwenye ukuta wao, na mgeni rasmi alipouliza mbona hakuna picha za Kilimanjaro na simba, yule binti wa batiki ndiye aliyemjibu, kwa heshima, na kwa urefu ambao mlinzi wa mgeni rasmi hakuufurahia.

Kwa wenzangu mtakaopokea barua msimu ujao, nina maombi machache ya kawaida kabisa. Nauli na chakula cha mchana viwe kwenye bajeti tangu mwanzo, msitegemee bumu. Stoo ifunguliwe kwao mapema, kabla orodha haijaiva, kwa sababu orodha ikishaiva wanakuja kushika ngazi tu. Majina yao yaandikwe kwenye ubao wa shukrani pamoja na yetu, kwa ukubwa uleule wa herufi. Kwetu hilo lilizua kikao kingine, nacho tukakishinda. Na wahadhiri, tafadhali, ile fomu yenye vipengele vya "nidhamu" na "uvaaji" iongezeeni mstari mmoja wa kuuliza mwanafunzi alichagua nini na kwa nini.

Yule binti amehitimu. Bado anapita kwa kina mama wa karakana, na juzi alinitumia picha ya batiki aliyoikuta imetandikwa juu ya friji nyumbani kwa mtu Upanga, yenye alama ileile pembeni. Mwenye nyumba hauzi. Ila amekubali tuikague, na mzee wa stoo ameshauliza kama huko kwa mwenye friji kuna maji ya kunawa.